Nani Kausogeza Mkono? Mawimbi ya Ubongo na Hisia ya Kuwa Mtendaji

Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Lyon, Ufaransa, ambayo tangu niisome haijanitoka kichwani. Wagonjwa saba walikuwa wakipasuliwa ubongo kuondolewa uvimbe, wakiwa macho, kwa sababu daktari alihitaji kuongea nao ili ajue sehemu gani asiiguse. Kwa baadhi yao umeme hafifu ulipitishwa kwenye parieto, eneo la juu la ubongo kuelekea kisogoni. Walisema wanatamani kusogeza mkono, au mguu, au midomo. Umeme ulipoongezwa, walisema wameshasogeza. Vipimo vya misuli havikuona chochote. Kiungo kilikuwa kimetulia tuli. Kwa wengine umeme ulipitishwa mbele zaidi, kwenye eneo linaloandaa mienendo ya mwili. Hapo viungo vilisogea kweli, kwa namna inayoonekana kwa macho, na wagonjwa walipoulizwa wakakana katakata kwamba wamesogeza kitu.

Kumbe kusogea ni jambo moja, na kujihisi kwamba wewe ndiye uliyesogeza ni jambo jingine. Siku zote tunaishi na mambo haya mawili yameshonwa pamoja, hata mshono hauonekani. Pale mezani kwa daktari ulifumuka.

Nimekuwa nikifuatilia kwa karibu utafiti unaojaribu kuugusa mshono huo bila kufungua fuvu, kwa njia ya mrejesho wa mawimbi ya ubongo. Mtu anavalishwa kofia ya elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa umeme kwenye ngozi ya kichwa, kompyuta inasoma umeme wa ubongo wake na kumwonyesha palepale, kwa picha au kwa sauti, naye anajifunza kidogo kidogo kuyapandisha au kuyashusha mawimbi fulani. Swali linaloulizwa ni hili: mtu akifundishwa kubadili mawimbi yanayohusika na hisia ya kuwa mtendaji, je, hisia yenyewe itabadilika? Wengi wanaouliza wanatamani iongezeke. Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea njia mapema. Hisia hii ikiongezeka bila kuwa sahihi, haimfai mtu.

Inatoka wapi?

Jaribu jambo dogo. Fumba jicho moja, kisha ubonyeze taratibu kwa kidole ukingo wa kope ya jicho lililo wazi. Dunia inaruka. Sasa toa kidole, uzungushe jicho lenyewe kutoka kona hadi kona. Picha ndani ya jicho imehama zaidi kuliko mwanzo, lakini dunia imetulia. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alilichambua jambo hili katika karne ya 19. Misuli ya jicho inapoamriwa, ubongo unajua nini kitafuata na unakipunguza kwenye hesabu. Kidole kinaposukuma, jicho linahama bila ubongo kuwa umelitolea amri kwa njia yake ya kawaida, kwa hiyo mwendo wote unahesabiwa kuwa wa dunia.

Ndiyo maana hata mtekenyo wa mkono wako mwenyewe haukuchekeshi. Mwaka 1998 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walionyesha kwamba mtu anapojigusa mwenyewe, sehemu za ubongo zinazopokea mguso hufanya kazi kidogo kuliko anapoguswa na mwingine. Serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, unaonekana kuhusika na utabiri huo. Miaka michache baadaye ikapatikana kwamba wagonjwa wanaohisi mwili wao unaendeshwa na nguvu ya nje hawapati tofauti kubwa kati ya mguso wao na mguso wa mwingine. Utabiri umelegea, na tendo lao linawarudia likiwa na sura ya mgeni.

Hiyo ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili haitazami mbele, inatazama nyuma. Mwaka 1999 Daniel Wegner na Thalia Wheatley walionyesha kwamba mtu akisikia jina la kitu muda mfupi kabla ya mkono kusimama juu ya picha ya kitu hicho, anaelekea kudai kwamba alikusudia kusimama pale, ingawa aliyesimamisha ni mwenzake aliyeshirikiana na watafiti. Wazo lilitangulia, tokeo likafuata, vikafanana. Ubongo ukafunga hesabu: ni mimi.

Basi tuna mashahidi wawili, mmoja anayetabiri kabla ya tendo na mmoja anayekusanya ushahidi baada yake. Hisia ya kuwa mtendaji ni hukumu wanayoifikia pamoja, kwa haraka, nasi tunaletewa hukumu bila kuonyeshwa mashahidi. Nawaomba wasomaji wawashike hawa wawili, maana kila kosa nililoliona katika mijadala ya mafunzo ya mawimbi linatokana na kuwachanganya.

Saa isiyo na tarakimu nyingi

Ukitaka kupima hisia hii, kumuuliza mtu "umejihisi unadhibiti?" hakufai sana. Atakujibu anachodhani unataka kusikia, au anachotaka kujiamini. Mwaka 2002 Patrick Haggard na wenzake walitoa njia ya pembeni. Unakaa mbele ya saa ndogo kwenye skrini, mshale wake unazunguka mzunguko mzima kwa sekunde mbili na nusu hivi. Unabonyeza kitufe wakati wowote upendao. Milisekunde 250 baadaye, yaani robo ya sekunde, unasikia mlio. Kazi yako ni kusema mshale ulikuwa wapi ulipobonyeza, au ulikuwa wapi mlio uliposikika.

Kinachotokea hakitegemei majivuno ya mtu. Mbonyezo unahisiwa umechelewa kidogo, wastani wa milisekunde 15, na mlio unahisiwa umewahi, wastani wa milisekunde 46. Tendo na tokeo vinavutana ndani ya akili. Kidole kikirushwa na sumaku iliyowekwa juu ya kichwa kuusisimua ubongo, mtu bila kukusudia, mvuto unageuka: vinasukumana. Wapo wanaobisha kwamba mvuto huu unapima uhusiano wa sababu na tokeo kwa jumla, si hisia ya mtendaji peke yake, na hoja yao ina uzito. Lakini kama kipimo ambacho mtu hawezi kukipamba kwa maneno, bado sijaona kilicho bora.

Nimeketi mbele ya saa hiyo. Ni kazi ya kuchosha kuliko inavyoelezwa. Macho yanaanza kushikamana na mshale, na baada ya muda unahisi mshale ndio unaokuambia ubonyeze. Watafiti wanajua hilo. Ndiyo maana wanakusihi usichague namba mapema, uache tamaa ya kubonyeza ije yenyewe.

Kipimo hiki ndicho kilichoonyesha kwamba hisia ya mtendaji inaweza kusogezwa na mazingira. Mwaka 2016 Emilie Caspar na wenzake waliwaketisha washiriki wawiliwawili, mmoja akiwa na uwezo wa kumkata mwenzake fedha au kumpa shoti ya umeme yenye maumivu ya kuvumilika. Mtu alipochagua mwenyewe, muda kati ya kitufe na mlio ulionekana mfupi. Alipoamriwa, muda ulionekana mrefu, na mawimbi ya ubongo yaliyoujibu mlio yakapungua. Kitendo kilikuwa kilekile, kidole kilekile. Amri iliwasogeza mbali na tokeo la mkono wao, na si kwa maneno ya kujitetea tu. Nilipoisoma kazi hiyo nilielewa kwa nini suala hili si la maabara peke yake. Kinachoweza kusogezwa na amri ya mtu, kinaweza kusogezwa na mambo mengine pia.

Mawimbi, na namna ya kuyashika

Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, akachapisha mwaka 1929. Yeye ndiye aliyelipa jina wimbi la alfa, mitikisiko 8 hadi 12 hivi kwa sekunde, linalovimba mtu akifumba macho na kusinyaa akifumbua. Umeme wenyewe ni mdogo mno, makumi machache ya mikrovolti ukifika kwenye ngozi ya kichwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingia ya 1960, Joe Kamiya huko Chicago aliwauliza washiriki wake swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: sasa hivi uko kwenye alfa au la? Akawaambia papo hapo kama wamepatia. Wengi wao wakajifunza kutambua, na waliokwisha kutambua wakaweza kuyaleta au kuyaondoa mawimbi hayo kwa kuombwa. Baadaye Barry Sterman akafundisha paka kuongeza mdundo wa mitikisiko 12 hadi 15 juu ya eneo la mwendo, na paka hao wakaonekana kustahimili zaidi sumu ya kemikali ya roketi inayosababisha degedege. Mwaka 1969 Eberhard Fetz akaonyesha kwamba nyani anaweza kufundishwa kuongeza mapigo ya nyuroni moja tu, yaani seli moja ya ubongo, akipewa chakula kila inapopiga zaidi. Na mwaka 1999 kikundi cha Niels Birbaumer kikaeleza wagonjwa wawili waliopooza karibu mwili mzima, ambao walijifunza kusogeza mawimbi ya polepole ya ubongo na kuchagua herufi moja moja hadi wakaandika barua.

Natamani kila anayezungumzia mafunzo haya aanze na watu hao wawili. Hawakuambiwa mawimbi yanashikwaje. Hakuna anayeweza kumwambia mwenzake. Walionyeshwa alama inayosogea, wakajaribu hili na lile, mpaka mwili usiosogea ukapata mlango mwingine wa kutokea.

Mawimbi hayo ya polepole yanahusiana moja kwa moja na mada yetu. Tangu kazi ya watafiti Kornhuber na Deecke iliyochapishwa mwaka 1965 tunajua kwamba kabla mtu hajasogeza kidole kwa hiari yake, umeme juu ya utosi unateremka taratibu upande wa hasi. Mwaka 1983 Benjamin Libet akasema mteremko huo unaanza takriban milisekunde 550 kabla ya tendo, huku mtu akiripoti nia yake takriban milisekunde 200 kabla. Watu wengi wakatangaza kwamba hiari imekufa. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakapendekeza maelezo mengine ambayo kwangu yana nguvu zaidi: umeme wa ubongo unapanda na kushuka wenyewe muda wote, na pasipo sababu ya nje ya kutenda sasa hivi, tendo linaelekea kutokea pale mawimbi hayo yanapofika kizingiti. Ukirudi nyuma na kujumlisha marekodi mengi kuanzia kwenye tendo, lazima utaona mteremko, hata kama hakukuwa na uamuzi wa siri.

Ikiwa ni hivyo, anayejifunza kusogeza mawimbi ya polepole anajifunza kusogeza uwanja ambamo tamaa ya kutenda inazaliwa. Hapa ndipo mafunzo yanaweza kumfikia shahidi wa kwanza, yule anayetabiri. Njia nyingine inayozungumzwa ni mdundo wa mu, unaopatikana juu ya eneo la mwendo na kupungua mtu anaposogeza mkono au anapowaza kuusogeza. Nyingine ni alfa juu ya parieto, eneo lilelile la wagonjwa wa Lyon. Kila njia ina wapenzi wake. Mimi nazipa uzito mbili za kwanza, kwa sababu tunaelewa zinahusiana vipi na tendo lenyewe.

Chumbani

Kuvaa kofia kunachukua muda kuliko mafunzo. Kila elektrodi inajazwa jeli baridi kwa sindano butu, na ncha yake inakwaruzwa taratibu kwenye ngozi ili kuondoa mafuta na seli zilizokufa. Kwenye skrini kuna mchoro wa kichwa chenye vidoti, na kila kidoti kinahama kutoka wekundu kwenda kijani kadiri ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi unavyoshuka. Kisha unaonyeshwa mawimbi yako mbichi, na jambo la kwanza unaloliona ni kwamba ubongo ni sauti ndogo ndani ya kelele. Kupepesa jicho kunapiga mlima kwenye mistari ya mbele. Kukaza taya kunageuza mistari yote kuwa msitu. "Legeza taya, macho yakae sehemu moja," niliambiwa, na nikaambiwa tena na tena.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushusha mdundo wa mu upande wa kushoto, unaohusika na mkono wa kulia. Mbele yangu kulikuwa na mstari mnene wa buluu. Nikawaza nakamata kitu kizito, vidole vikifunga kimoja baada ya kingine. Mstari ukashuka. Nikaacha kuwaza, ukapanda. Kuna furaha ya ajabu katika kitu hicho. Unasahau kofia, unasahau shingo inayouma, unabaki wewe na mstari.

Kazi ya pili ilikuwa kuongeza mdundo wa mitikisiko 12 hadi 15, na hapo mawazo yote ya mkono hayakusaidia. Nilipojitahidi, mstari ulilala. Ni kama usingizi, ukiufuata unakukimbia. Ulianza kupanda nilipokuwa nautazama bila kuutaka, na mara tu nilipogundua unapanda nikautaka, ukashuka. Penye nia pana njia, tumefundishwa hivyo tangu utoto, na katika mambo mengi ni kweli. Hapa nia ikizidi inaziba njia. Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2013 watafiti wa Graz, Austria, waliona kwamba waliofanikiwa kuongeza mdundo huo walikuwa hasa wale ambao hawakuweza kutaja mbinu yoyote waliyotumia. Kazi nyingine ya kikundi hicho mwaka huohuo ilionyesha kwamba watu wenye imani kubwa kuwa wanaweza kuitawala teknolojia walifanya vibaya zaidi.

Nilikuwa nimesaini fomu inayosema wazi kwamba baadhi ya vipindi vitakuwa bandia: mstari utakaoonyeshwa utakuwa rekodi ya mtu mwingine. Nilipokuwa ndani sikuweza kuvitofautisha. Katika kipindi kimoja ambacho baadaye nilielezwa kuwa ni cha bandia, nilikuwa nikihisi mstari unanitii, si kila mara, lakini vya kutosha kunifanya niendelee. Shahidi wa pili, mkusanyaji wa ushahidi baada ya tendo, alikuwa kazini. Kila mstari ulipopanda nikiwa natamani upande, aliandika jina langu. Uliposhuka, aliandika uchovu.

Kitanzi

Ugumu wa utafiti huu wote umo katika kipindi hicho cha bandia. Tunataka kubadili hisia ya mtu kwamba yeye ndiye anayetenda, na chombo tunachotumia hakifanyi kazi vizuri mpaka mtu ajihisi kwamba yeye ndiye anayekiendesha. Kipimo na dawa vimekuwa kitu kimoja. Mtu akitoka kwenye mafunzo akijihisi ana udhibiti zaidi, je, mawimbi ndiyo yaliyombadili, au ni kule kukaa saa nzima akitazama alama inayoonekana kumtii?

Mwaka 1975 Ellen Langer alionyesha jinsi watu wanavyojiona na udhibiti juu ya mambo ya bahati tupu, ilimradi yamevaa sura ya ujuzi: kuchagua, kujizoeza, kushindana. Mafunzo ya mawimbi yamevaa sura hiyo kutoka utosini hadi miguuni. Na mwaka 2015 watafiti wa Lausanne, wakitumia mashine inayoongozwa na mawimbi ya ubongo, walikuta kwamba hisia ya "nimefanya mimi" ilifuata zaidi kile mtu alichokiona kwenye skrini kuliko kile ubongo wake ulichokuwa umetuma. Skrini ikikubaliana na nia yake, anadai tendo.

Hii si sababu ya kulitupa jambo lenyewe, lakini ni sababu ya kudai ushahidi mgumu. Mwaka 2017 watafiti wa Salzburg waliwapa watu wenye tatizo la kukosa usingizi mafunzo halisi na mafunzo bandia. Washiriki walisema wanajisikia nafuu katika yote mawili, na usingizi uliopimwa haukuonyesha faida ya yale halisi. Jaribio kubwa la Marekani kwa watoto zaidi ya 140 wenye ADHD, tatizo la kukosa umakini na utulivu, ambamo si mtoto, si mzazi, si mwalimu wa mafunzo aliyejua nani anapata kipi, nalo lilikuta watoto wa pande zote mbili wameendelea vizuri, bila tofauti ya maana kati yao. Wanaouza vilemba vya elektrodi kwa ahadi ya kukurudishia usukani wa maisha yako hawayataji matokeo hayo. Inaniuma, kwa sababu wanaonunua ni watu walio katika shida ya kweli.

Upande wa pili kuna kazi inayonipa matumaini makubwa. Mwaka 2013 kikundi cha Tübingen kilichapisha jaribio la wagonjwa 32 waliopooza mkono muda mrefu baada ya kiharusi, ambao vidole vyao havikuweza kufunguka kabisa. Walifungwa kifaa cha kusogeza mkono na vidole. Kwa nusu yao, kifaa kilisogea pale mdundo wa eneo la mwendo ulipopungua wakati mgonjwa anajaribu kuusogeza mkono. Kwa nusu nyingine kilisogea ovyo, bila kufuata ubongo. Wote walipata mazoezi ya viungo pia. Waliofuatwa na kifaa walipata maendeleo ya mkono ambayo wenzao hawakuyapata. Madogo, lakini yalipimwa.

Mkono ulisogezwa kwa wote. Tofauti ilikuwa kwamba kwa kundi la kwanza mkono ulisogea baada ya mtu kujaribu, kwa sababu amejaribu, kwa wakati wake. Nia na tokeo vilifunganishwa tena, mara nyingi, mpaka njia iliyokufa ikaanza kupitika. Hapa shahidi wa kwanza alifundishwa, na si wa pili peke yake aliyeburudishwa.

Kuongeza au kusahihisha

Rudi kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, wanaosema mkono wao unaendeshwa na mtu mwingine. Ukifikiri kwa haraka utasema hawa wana hisia ndogo ya kuwa watendaji, basi iongezwe. Lakini walipopimwa kwa saa na mlio, mvuto kati ya tendo na tokeo ulionekana mkubwa kuliko wa watu wenye afya. Kazi ya Martin Voss na wenzake mwaka 2010 ilifafanua. Mlio ukiwa na kawaida ya kufuata kitufe, mtu mwenye afya anahisi mbonyezo wake umesogea hata mara ile mlio usipokuja, alishautabiri. Kwa wagonjwa, mbonyezo ulisogea pale mlio ulipokuja kweli. Shahidi wa kwanza amenyamaza, na wa pili anapiga kelele kufidia.

Mtu wa namna hii ukimfundisha kwa mstari wa buluu unaompendeza, ukamwambia kila unapopanda ni yeye, unaweza kuwa unamlisha shahidi ambaye tayari ameshiba. Ataondoka akijiona mtendaji wa mambo mengi zaidi, pamoja na yale asiyoyatenda. Kinyume chake, kuna watu, wakiwemo baadhi ya wenye matatizo ya kujirudia matendo bila kikomo, wanaofunga mlango na kuhisi bado hawajafunga. Kwao tendo limekamilika lakini hukumu haijafika. Watu hawa wawili hawawezi kutibiwa kwa kupandisha wimbi moja.

Kwa hiyo jaribio ninaloliombea litokee lina umbo hili. Washiriki wagawanywe bila wao wala wasimamizi kujua. Wengine wafundishwe kusogeza mawimbi ya polepole upande wa hasi, wengine upande wa chanya, wengine wapewe rekodi ya mtu mwingine. Kabla na baada, wapimwe kwa saa na mlio, pamoja na mizunguko ambayo mlio haupo, ili mashahidi wawili watenganishwe. Kisha wapewe kazi ya kusogeza kidoti kwa mkono, ambapo mara kwa mara kompyuta inaingilia na kukisogeza yenyewe, nusu ya njia, robo ya njia, kidogo sana. Waulizwe kila mara ni nani aliyesogeza. Asihesabiwe aliyedai mara nyingi zaidi kwamba ni yeye. Ahesabiwe aliyepatia: aliyesema ni mimi pale alipokuwa yeye, na akasema si mimi pale ilipokuwa mashine. Kama mafunzo yataongeza madai bila kuongeza usahihi, tutakuwa tumejua kwamba tumetengeneza njozi, na kifaa kisiondoke maabara. Yakiongeza usahihi, hata kwa kiasi kidogo kama cha mikono ya Tübingen, wagonjwa wa kuanza nao tayari tunawajua.